Tani Kumi za Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shemeji amepata kiti cha kushoto, kiti cha kapteni! Shemeji yule yule aliyekuja kumposa dada yangu amevaa soksi za rangi mbili. Tangazo limebandikwa juu ya mtungi wa maji ya kunywa, ili kila mwenye kiu alisome. Nimekunywa mara tano. Halijabadilika.

Nafasi ilikuwa moja, watu wawili. Mimi nina miaka tisa ya urubani msaidizi, kiti cha kulia kimeshika umbo la makalio yangu. Yeye ana saba. Dunia ingekuwa na haki, leo angekuwa yeye anayekunywa maji.

Lakini halijaisha. Chini ya tangazo kuna maandishi madogo: ataruka chini ya uangalizi kwanza, na akishindwa, nafasi itakwenda kwa anayemfuata. Na anayemfuata ni nani? Ni mimi! Nimesoma hayo maandishi mpaka mfagiaji akaniomba nisogee.

Mke wangu amesema tuwapigie simu tuwapongeze. Nimesema kichwa kinauma. Amesema kichwa hicho kinaniuma kila mwenzangu akipata, nipige simu. Nimepiga. Dada amelia kwa furaha. Mimi pia nimelia kidogo, naye akaniombea baraka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkakati: Soma Tena anione. Soma Tena ndiye kapteni mkaguzi, yeye ndiye atakayeamua nani abaki kushoto. Mzee mwembamba, mpole, hajawahi kumkemea mtu. Ukikosea anasema "soma tena" basi, na wewe unatamani ardhi ipasuke uingie.

Leo nilipangiwa kuruka naye. Nimefika kabla ya wafagia ndege, nikakaa, nikaanza kumlisha Karani. Karani ni kompyuta ya safari, ile yenye vitufe na kioo kidogo, iliyo katikati ya viti vyetu. Tunaiita hivyo kwa sababu inaandika chochote unachoiambia na haiulizi umekitoa wapi. Unampa njia, upepo, joto na uzito. Yeye anakurudishia kasi za kurukia, anapanga injini zivute kiasi gani, na mkishapaa anaipandisha ndege mwenyewe mpaka juu. Ukimpa ukweli, hana mfano. Ukimpa uongo, anaupigia hesabu safi kabisa.

Nikaingiza kila kitu, hata uzito, ingawa karatasi ya uzito ilikuwa bado haijaletwa. Soma Tena akaingia, akakitazama kioo, akauliza uzito ule nimeutoa wapi. Nikajibu nimeutoa kwenye uzoefu. Akafuta kimoja baada ya kingine kwa kidole chake chembamba, halafu akasema tusubiri karatasi.

Nikajiambia nitajikomboa wakati wa kupaa. Chini ya futi elfu kumi kuna kikomo cha kasi, na Karani anakiheshimu. Tulikuwa tumechelewa. Nikakifuta kimyakimya ili mzee ashangae tunavyowahi. Ndege ikainamisha pua ghafla kutafuta mwendo, matumbo yote yakapanda juu. Mwongoza ndege akauliza redioni, kila rubani wa eneo zima akisikia, kama tuna dharura au tunafukuzwa. Soma Tena akayasema yale maneno yake mawili.

Siku mbaya. Lakini ameniona, hilo hawezi kukataa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Tumealikwa kwa Dada kumpongeza mumewe. Kofia mpya ya ukapteni imewekwa juu ya televisheni, hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Watoto wao wanaipita kwa adabu kama wanampita babu yao.

Dada ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Mpaka leo akinipakulia ananipa nyama yangu kwanza. Leo ya kwanza kampa mumewe. Nimeona. Mke wangu ameniona nikiona, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Baada ya kula Shemeji amenivuta barazani. Nikajua anakuja kuringa. Kumbe ana hofu! Anasema halali vizuri. Anasema Soma Tena akikaa nyuma yake vidole vinamganda. Na kuna jambo lingine ambalo hata Dada hajui: ameandikiwa miwani ya kusomea na anaona aibu kuivaa, wasije wakasema kapteni mpya tayari ni mzee. Karatasi ya uzito ina maandishi ya sisimizi. Kwa hiyo siku hizi anamwacha msaidizi amsomee, yeye anaandika anachosikia.

Sheria yetu iko wazi. Kila rubani anaisoma karatasi kwa macho yake, anapiga hesabu za kurukia kwenye tableti yake peke yake, ndipo tunalinganisha. Ni kama mtihani, kila mtu na karatasi yake. Zikifanana na zikifanana na za Karani, tunaondoka. Sasa kama mmoja anasoma na mwingine anasikiliza tu, hapo hakuna watu wawili. Kuna mmoja na mwangwi wake.

Akaniambia anamshukuru Mungu wiki ijayo amepangiwa na mimi, maana mimi ni ndugu, siwezi kumwacha aanguke. Nikamshika bega. Nilimshika vizuri kabisa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na za kwangu leo zimesimama!

Jumatatu naruka na Shemeji, na Soma Tena atakaa kiti cha tatu, kile cha kukunjua, nyuma yetu. Nitampa Karani uzito pungufu. Tani kumi tu. Badala ya hamsini na nane nitaandika arobaini na nane, vitufe vimekaa jirani, kidole kinaweza kuteleza kwa mtu yeyote. Kisha nitamsomea Shemeji hiyo hiyo. Ataiandika kwenye tableti yake. Hesabu zote zitafanana, kapteni mpya ataridhika, Soma Tena ataona kwamba kapteni mpya ameridhika. Halafu, kabla hatujafika kwenye njia ya kurukia, nitaitazama karatasi, nitakunja uso, nitasema kwa upole: Kapteni, samahani, naomba tuutazame uzito tena.

Basi! Yeye amezembea, mimi nimeokoa abiria. Hakuna hata tone la hatari ndani yake. Uongo ninaupanda mimi, ninaung'oa mimi.

Nimefanya mazoezi ya ile sentensi mbele ya kioo cha bafuni. Isiwe na majivuno. Isiwe na woga. Mke wangu ameuliza kupitia mlangoni nani amenenepa. Nimesema ni mambo ya kazi. Amesema ananijua, nikianza kuongea na vioo kuna mtu ataumia, na mara nyingi ni mimi. Hajui kitu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Karatasi ikaja. Nikabonyeza nne badala ya tano. Nikasoma kwa sauti, Shemeji akaandika, akalinganisha, akasema sawa. Miwani iko mfukoni mwa shati lake, niliiona imetuna. Nikageuka kumtazama Soma Tena, nimwone anavyoandika kwenye daftari lake.

Kiti cha tatu kilikuwa kitupu!

Kumbe ameshuka. Mhudumu akaniambia ameitwa ofisini, atakagua safari ya jioni. Nilihisi kama mtu aliyepika sherehe nzima na mgeni akafia njiani. Sentensi yangu yote ile! Nani ataisikia? Shemeji? Nikimsahihisha faraghani atanishukuru, ataivaa miwani yake, ataiva kabisa, na mimi nitazeekea kulia. Nikanuna. Nasema kweli, nilinuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Nikajiambia uongo wangu nitautoa tu ndege ikianza kutembea.

Tukaanza kutembea. Mnara ukatuita: upepo umegeuka, tutumie upande wa pili wa njia. Hapo ndipo kazi huwa nyingi. Unambadilishia Karani njia ya kurukia, unabadilisha mkondo wa kupaa, unapiga hesabu upya, huku ndege inakwenda na nyuma kuna wengine wanapanga foleni. Nikambadilishia. Karani akazifuta zile kasi zote, kioo kikabaki na vistari vitupu. Nikashusha pumzi. Nikasema Mungu hamtupi mja wake, amenifutia dhambi kabla sijaimaliza!

Hakunifutia. Ukibadilisha njia, Karani anafuta kasi. Uzito anauhifadhi, kwa sababu ndege haikondi kwa kugeuka. Hata aliyeanza kazi juzi anajua. Mimi ninajua! Miaka tisa ninajua! Lakini pale nilikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa, na furaha ile ikanifunga macho. Nikachukua uzito kutoka kwa Karani, nikamsomea Shemeji, Shemeji akaandika. Hesabu zikafanana tena. Zilikuwa na haki ya kufanana.

Tukaingia kwenye njia ya kurukia. Yeye anarusha, mimi naita kasi. Injini zilivuta kivivu, maana Karani alizipimia ndege nyepesi. Niliona taa za pembeni zinapita taratibu kuliko kawaida, na bado tarakimu kwenye kioo inaikaribia kasi ya kuinulia. Kitu kikaniambia tumboni: mapema mno. Na mdomo wangu, huu huu, ukaita: "Inua!"

Akainua. Pua ikapanda, magurudumu yakakataa kutoka ardhini. Ikaja sauti kutoka nyuma, chuma kinaburuzwa juu ya lami, ndefu, haiishi. Mkia! Mbele yetu taa nyekundu za mwisho wa njia zikawa zinakuja. Hapo nikakumbuka. Arobaini na nane. Shemeji ndiye aliyesukuma vishikio vya injini mpaka mwisho. Mkono wangu uliangukia juu ya wake baadaye, sijui hata ulikuwa unatafuta nini.

Tuliondoka ardhini kwenye majani. Tuliupita ukuta wa uwanja karibu mno, niliona mtu wa baiskeli akijitupa chini na baiskeli yake. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake, ndivyo ndege inavyosema inakaribia kuanguka. Yeye akaubembeleza, pua chini kidogo, juu kidogo, anamwita Mungu na mama yake kwa zamu. Karani kwa upande wake hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ametupangia tupande kwa madaha mpaka futi elfu thelathini na nane.

Kutoka nyuma mhudumu mkuu akapiga simu. Huyu tunamwita Mama Tulia, kwa sababu hakuna abiria aliyewahi kumshinda kumtuliza. Sauti yake haikuwa imetulia. Sakafu chini ya kiti chake imejikunja na mguu wake umekwama ndani. Abiria wanapiga kelele, kuna moshi kidogo, kuna mtoto anatapika. Shemeji akageuka kuongea naye, akaniachia redio.

Nikabaki mimi na Karani. Nikanyoosha kidole, nikafuta arobaini na nane, nikaandika hamsini na nane. Akaipokea bila kuuliza chochote.

Shemeji alipomaliza simu nikamwambia nimegundua uzito ulikuwa si sahihi, nimeusahihisha, sasa kasi za kutua ni za kweli. Akanitazama. Akasema asante, ndugu yangu.

Tukazunguka chini chini muda mrefu kuchoma mafuta, tusiweze kupanda kwa sababu ya mkia uliopasuka. Tukatua. Wote wako hai. Mama Tulia walimtoa kwa kukata kiti.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Wachunguzi walikuwa watatu na birika la chai. Nilijiandaa kukana. Hawakunipa nafasi ya kukana! Mmoja amesoma kwamba mashine zinaonyesha uzito ulisahihishwa angani kutoka upande wa kulia. Nikahisi jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Akaniuliza ni mimi? Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa, akasema nisingefanya vile tungetua kwa kasi ya ndege nyepesi na leo wangekuwa wanatuzika. Akanimiminia chai.

Wameuliza ile nne ilitoka wapi. Nimesema vitufe viko jirani, nimesema tulikuwa na haraka, nimesema namba nilimsomea Kapteni na Kapteni akakubali. Maneno yangu yote ni ya kweli. Nimeyahesabu njiani wakati narudi, hakuna hata moja la uongo.

Soma Tena alikuwa amekaa pembeni. Nilipotoka akanishika mkono, akauacha mkononi mwake kidogo. Sikupenda.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Dada amekuja asubuhi, kabla sijavaa. Akapiga magoti mlangoni kwangu. Dada yangu mkubwa! Anasema mumewe amemweleza kila kitu, kwamba bila mimi watoto wangekuwa yatima. Nimemwinua, amenishika uso kwa mikono miwili kama alivyokuwa akinifuta makamasi.

Nilitaka kusema. Mke wangu alikuwa amesimama jikoni na kikombe, ananitazama. Nikamwambia Dada asijali, ndiyo kazi yenyewe.

Alipoondoka Dada, mke wangu aliosha kile kikombe muda mrefu sana.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Shemeji amekuja. Ameivaa miwani. Inamfanya aonekane kama mwalimu aliyefukuzwa.

Hakukaa. Aliuliza jambo moja tu, kwa utaratibu, hata hasira hakuwa nayo. Amesema yeye amekosa, hakuisoma karatasi kwa macho yake, na amewaambia wachunguzi hivyo hivyo, na ya miwani amewaambia pia. Analolitaka si msamaha. Anataka kujua tu, ile nne. Amesema vidole vyangu anavijua, tumeruka wote miaka mingi, sijawahi kukosea kitufe hata ndege ikiwa inarukaruka. Ilikuwaje siku ile?

Nimesema nilikuwa nimechoka.

Akasema Alhamisi ile barazani sikuwa nimechoka. Nikasema uchovu hauji na tarumbeta. Akaendelea kunitazama kupitia ile miwani, kana kwamba mimi ndiye maandishi ya sisimizi. Kisha akasema sawa. Akanitakia siku njema, akaniuliza hali ya watoto wangu, akaondoka.

Sasa nimekasirika. Mtu anakuja nyumbani kwako kukuhoji kama mwizi, baada ya kuokolewa!

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Uamuzi umetoka. Shemeji amevuliwa ukapteni, na kampuni imemwachisha kazi. Kosa: alitegemea masikio badala ya macho. Ametia sahihi bila kubishana. Mama Tulia mguu wake hautarudi kuwa wa kuruka, watampa kazi ya dawatini akipenda. Amesema hapendi.

Mimi nimepewa barua ya pongezi. Na tangazo limebandikwa pale pale, juu ya mtungi wa maji. Anayefuata kwenye mafunzo ya kiti cha kushoto: jina langu, herufi kubwa!

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nilikwenda chooni nikatapika, pengine ni ule mkate wa asubuhi. Kisha nikarudi nikalisoma tena. Ni jina langu kabisa.

Mke wangu hakunipongeza. Amesema yeye si mjinga, ameishi na mimi, ameisikia ile sentensi ya bafuni kabla ya siku ya ajali. Amesema hatamwambia Dada kwa sababu itamuua. Kisha amehamishia mto wake chumba cha watoto. Nimemwambia achague maneno, mimi sasa ni kapteni. Amesema hicho ndicho anachoogopa.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Sijaandika muda mrefu, mafunzo hayakuniachia nafasi. Nimemaliza! Mistari minne ya kapteni begani. Imebaki safari moja tu, kesho, Soma Tena kiti cha tatu, na nikipita mimi ni kapteni mpaka nistaafu. Nikishindwa inarudi kwa anayefuata.

Na anayefuata ndiye huyo huyo niliyepangiwa kuwa msaidizi wangu kesho! Binti mmoja wanamwita Sindano. Anasoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, haambiwi kitu akakikubali. Juzi amenikuta nimekosea tarehe, tarehe tu, akanisahihisha mbele ya watu. Najua anachokitafuta. Mwenye macho haambiwi tazama.

Dada amepiga simu. Nyumba yao wameshindwa kuibakiza, Shemeji atabaki kuuza vyombo, yeye na watoto wanakwenda kuishi kwa Mama. Wanasafiri kesho, na ndege yangu. Aliomba aipate yangu makusudi. Anasema hajapanda ndege tangu ile siku, na hawezi kupanda ya mtu mwingine. Amelia. Nikamwambia atulie, atanisikia kwenye kipaza sauti nikimkaribisha kwa sauti ya ukapteni. Viti vimejaa, nimewapatia vya nyuma kabisa, karibu na choo, ndiyo vizuri kwa watoto.

Sasa, huyu Sindano. Mtu huwa anajifunza kutokana na makosa, nami nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kupanda uongo kwenye uzito. Uzito haufutiki! Safari hii nitaupanda kwenye joto.

Kuna uongo mmoja halali katika kazi yetu. Ndege ikiwa nyepesi na njia ikiwa ndefu, tunamdanganya Karani kwamba nje kuna joto kali kuliko lilivyo, naye anapunguza nguvu za injini ili zisichakae. Kila siku tunafanya. Kwa hiyo kesho, Sindano akiwa amenyanyuka kusalimiana na wahudumu, mimi nitaongeza joto hilo kupita kiasi kwenye Karani, na kwenye tableti yake pia, huwa anaiacha wazi mezani. Atarudi, atalinganisha, zitafanana. Naye ni mtu wa karatasi, na joto hilo haliko kwenye karatasi. Kisha, kabla ya kuingia njiani, nitakunja uso, nitasema kwa upole: Binti, samahani, naomba tulitazame joto tena. Soma Tena atakuwepo, nimempigia simu mara mbili kuhakikisha. Ndege itajaa, ndiyo, na siku zenyewe ni za jua. Lakini nitalitoa mapema.

Ili nisisahau nimeandika kwenye kiganja kwa kalamu, herufi kubwa: TOA JOTO. Kisha nikaenda kuoga, maandishi yakatoka na sabuni. Si kitu, nakumbuka.